Mke Nyeri, Mwenzi Maryland

Kwanza lieleweke hili, maana huko mbele kuna watu watakaolipindapinda: Nyaguthii aliolewa. Aliolewa Nyeri, nyumbani kwa baba yake, wajomba wakiwa wameketi na shangazi wakipiga vigelegele. Mahari ilitolewa, na siku ya ngurario, sherehe inayoikamilisha ndoa, mbuzi akachinjwa, nyama ikakatwa na kugawanywa kama desturi inavyotaka. Kwa Wakikuyu ngurario ikishafanyika, hakuna aliyebaki na swali. Na aliyeshika miguu ya mbuzi yule ni Kimani, mdogo wake bwana harusi. Alirukiwa na damu kwenye suruali mpya, watu wakamcheka mpaka jioni.

Kilichokosekana ni cheti tu. Elkanah, mumewe, alitangulia Marekani kufanya kazi ya uuguzi, na kila fomu aliyopewa ilitaka namba ya cheti cha ndoa. Namba hana, basi akaandika hajaoa. Aliandika hivyo ubalozini, akaandika hivyo kazini, akaandika hivyo kwenye bima. Nyaguthii alimfuata kwa viza ya masomo, masomo yakaisha, viza ikaisha, yeye akabaki. Wakanunua nyumba ya matofali Riverdale Park, jimbo la Maryland, upande wa pili wa reli. Mkopo ukachukuliwa kwa jina la Elkanah peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na green card, kibali cha ukaazi. Nyaguthii alikuwa akiwaogesha na kuwalisha wazee kule Greenbelt, na mshahara wake wote uliishia kwenye nyumba hiyo.

Si kwamba hakuwahi kusema. Alisema.

"Baba, twende tu kwa karani wa kaunti. Tutatoka na cheti, tuishi kwa amani."

Elkanah, mtu mpole wa watu, hapo tu ndipo alipokuwa akiwaka. "Nikuoe mara ngapi, Nyaguthii? Nikisimama leo mbele ya karani niseme nataka kukuoa, ile siku kwa baba yako tulikuwa tunacheza?"

Naye Nyaguthii aliliacha hapo, kwa sababu moyoni alikubaliana naye. Isitoshe, kanisani kwao Takoma Park walijulikana kama Bwana na Bibi, na yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kina mama. Mwenyekiti wa kina mama aonekane amepanga foleni na vijana akitafuta cheti cha ndoa? Afadhali kufa. Heshima yao hiyo ndiyo iliyowaponza wote wawili.

Basi mwaka ule wa 2008, majira ya machipuko, habari zikaenea kwamba jimbo la Maryland limepitisha sheria mpya: watu wawili wanaoishi pamoja bila ndoa wataweza kutambuliwa hospitalini, mmoja amwone mwenzake na kumsemea akizidiwa, hata kuamua mwili wake uende wapi akifa. Kanisa zima likafura. Kina mama wakafunga na kuomba, na Nyaguthii ndiye aliyeongoza sala. Alisimama mbele akamwomba Mungu aikemee sheria hiyo na wote watakaoitumia. Wenzake wakaitikia amina kwa sauti moja, na sauti yake mwenyewe ikiwa juu ya zote.

Septemba Elkanah akaanguka bafuni.

Hospitalini walimpokea vizuri, hilo lisikanushwe. Lakini Nyaguthii alipotaka kupita mlango wa wagonjwa mahututi, mhudumu aliangalia kompyuta, akaangalia tena, akamwambia faili linasema mgonjwa hajaoa na ndugu wa karibu ni Kimani. Je, mama ana cheti cha ndoa? Nyaguthii akaeleza habari za Nyeri. Mhudumu alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, na mlango ukabaki umefungwa. Kimani, ambaye naye siku hizo alikuwa hukohuko Marekani akifanya kazi za usiku, alikuwa hapokei simu. Siku za kazi alikuwa akiizima, na akishatoka kazini alilala mpaka jioni.

Ndipo akaja Malkia, ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali ile. Alikuwa Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuo kikuu na kukipenda mpaka akajibadilisha jina. Alikisema taratibu, kila neno mahali pake, utadhani anasoma taarifa ya habari.

"Dada yangu, naomba radhi kwa usumbufu. Daktari anahitaji mtu wa kumsemea mumeo pindi atakapopoteza fahamu. Tunayo sheria mpya tangu mwezi wa Julai. Ninyi wawili mtaapa kwamba ni wenzi wa nyumbani, na utaingia sasa hivi."

"Mimi si mwenzi. Mimi ni mke."

"Naelewa, dada. Lakini kwa mke wataomba cheti."

Malkia alimsomea ile karatasi kwa Kiswahili, hakuficha kitu. Ilisema wanaishi pamoja, wanategemeana, na kwamba hakuna kati yao aliye katika ndoa na mtu yeyote. Hapo Nyaguthii alihisi uso unamwaka moto. Sheria ileile aliyoiombea ikemewe! Alifikiria kina mama, akafikiria marehemu baba yake. Lakini nyuma ya mlango ule Elkanah alikuwa amelala peke yake, na midomo yake ilikuwa imeanza kwenda upande. Wewe ungefanyaje?

Malkia akamwingiza, wakatia saini. Elkanah alisaini kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Alipoelezwa ni karatasi ya nini, akacheka kwa nusu ya mdomo.

"Tumerudi kuwa wachumba," akasema, na ulimi ulikuwa mzito.

Ndicho kicheko chake cha mwisho alichokisikia Nyaguthii. Usiku huo fahamu zilimtoka, na Nyaguthii ndiye aliyewakubalia madaktari wampasue kichwa. Alikaa naye akimshika mkono mpaka alipokata roho, na mpaka leo hajutii kukaa kule. Kama asingeingia, mume wake angekufa mikononi mwa watu asiowajua. Hilo alijiambia mara nyingi baadaye, na lilimsaidia kidogo sana.

Kimani alikuja akilia. Akamkumbatia, akamwita shemeji, akamwambia wao wawili sasa wameachwa yatima. Kisha akaingia kwenye la maana: mwili urudi nyumbani, mama yao anataka kumzika mwanawe Nyeri, na hospitali haitoi mwili bila saini ya yule aliyeandikishwa. Nyaguthii alijua hatasafiri nao. Bila viza, akitoka harudi. Alikuwa anaagana na mumewe palepale, kwenye meza ya karani wa hospitali.

"Saini tu, shemeji," Kimani akasema. "Saini hapo penye mwenzi. Ni maneno ya Wazungu, sisi tunajua wewe ni nani."

Akasaini. Kimani akaomba nakala za karatasi zote, eti za ubalozi, akapewa.

Jeneza likaenda, maombolezo yakafanyika Takoma Park, chapati na chai ya maziwa vikaliwa, watu wakatawanyika. Hata Krismasi ilikuwa haijafika. Nyaguthii alirudi kutoka Greenbelt jioni moja akamkuta Kimani barazani na mtu mwenye kamera anayepiga picha madirisha. Alikuwa dalali wa nyumba.

"Shemeji, usinielewe vibaya," Kimani akasema. "Sheria ya hapa, mtu akifa bila wosia, hana mke, hana mtoto, mali inakwenda kwa wazazi wake. Mama amenipa madaraka ya kumsimamia. Mimi ni mtu wa katikati tu."

"Hana mke? Kimani, nitazame. Hana mke?"

Kimani alitazama maua ya barazani. Alisema watazungumza siku nyingine, na siku hiyo nyingine wakazungumza mahakamani.

Wakili wa Nyaguthii alikuwa kijana wa msaada wa sheria, mwenye bidii na viatu vilivyochoka. Alimpa matumaini ya kweli. Alimweleza kwamba ndoa ikiwa halali kule ilikofungwa, Maryland huitambua, hata kama ni ya kimila na haina cheti, ila ithibitishwe. "Nipe shahidi mmoja aliyekuwepo," akasema. Baba yake Nyaguthii alikuwa amefariki. Wajomba walikuwa Nyeri, na barua yao ilipingwa kwa sababu barua haiwezi kuulizwa maswali. Katika Marekani nzima aliyekuwepo siku ya ngurario ni mtu mmoja tu, naye alikuwa upande wa pili, amevaa suti ya kijivu.

Kina mama wa kanisa hawakuja kumsindikiza. Walikuwa wamesikia ni karatasi gani mwenyekiti wao ameiapia, wakaacha kupiga simu.

Kimani alishika Biblia, akala kiapo. Wakili akamwonyesha picha: yeye mwenyewe, kijana, amechuchumaa kando ya mbuzi.

"Hii ilikuwa nini?"

"Familia zilitembeleana."

"Si ngurario?"

"Hapana. Ngurario haikufanyika. Kwetu mgeni akija mbuzi huchinjwa, ni ukarimu tu."

Alisema hivyo macho makavu. Nyaguthii alitaka kusimama, kijana akamshika mkono. Ilipofika zamu yake, alieleza yote, mbuzi na wajomba na damu kwenye suruali, na jaji, mzee mwenye sauti ya taratibu, alikuwa akiandika na kuitikia kwa kichwa. Mtu angedhani mambo yananyooka. Kisha wakili wa Kimani akainuka na karatasi ya hospitali.

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu. Niliweka ili waniruhusu kuingia. Mume wangu alikuwa anakufa."

"Umeapa hapa kwamba huna ndoa na mtu yeyote. Uliweka saini nyingine kama mwenzi, wakati wa kutoa mwili. Uliapa uongo siku ile, au unatuambia uongo leo?"

Jamani. Swali kama hilo linajibiwaje? Akisema aliapa uongo hospitalini, yeye ni mwongo, na ndoa yake inasimama juu ya maneno ya mwongo. Akisema aliapa kweli, ndoa hakuna. Nyaguthii akamwangalia wakili wake, naye kijana ameinamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa mke wake." Mkalimani akaitafsiri, wakili akashukuru na kuketi.

Jaji hakuwa mkatili. Alisema anaamini watu hawa wawili walipendana na kuishi kama familia. Alisema sheria mpya inampa mwenzi haki ya kitanda cha hospitali na haki ya mwili, lakini urithi haikuugusa, na yeye hawezi kuongeza ambacho bunge halikuweka. Kuhusu ndoa, mbele yake kuna ushahidi wa shahidi mmoja na kiapo cha mama huyu mwenyewe, na vyote viwili vinasema haikuwepo. Nyumba ni ya mama mzazi wa marehemu, kwa mkono wa msimamizi wake.

Nje, kwenye maegesho, Nyaguthii alikuwa anatafuta kituo cha basi kwa macho ambayo hayaoni vizuri. Kimani akamfuata mbiombio. Simu ilikuwa sikioni, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ni mama. Hataki kukata mpaka aongee nawe. Tafadhali, shemeji, ana presha."

Nyaguthii akaipokea. Sauti ya bibi mzee ikaja kutoka Nyeri, kubwa, kama ya mtu asiyeiamini simu.

"Mke wa mwanangu? Ni wewe? Kimani alisema leo ndiyo siku. Aliniambia niweke dole gumba kwenye karatasi akusaidie kupata nyumba yako, nikaweka. Wamekupa?"

Nyaguthii alisimama pale pale. Hasira yote aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya mama huyu, iliyokuwa inamweka wima tangu Krismasi, ikakosa pa kwenda.

"Hawakunipa, mama. Wamesema Elkanah hakuwa na mke."

"Ni nani huyo aliyesema?"

Kimani alikuwa amesikia. Nyaguthii akamnyooshea simu.

"Mjibu mama."

Aliishika. Aliitazama kama mtu aliyepewa kaa la moto, kidole gumba kikatembea, na sauti ya bibi ikakatika katikati ya neno.

"Mtandao mbaya," Kimani akasema. Akaitia simu mfukoni, akasafisha koo, akafungua kiganja mbele yake. "Wanunuzi wanakuja kesho asubuhi. Nipe funguo, shemeji."