Gazeti Ndani ya Gazeti

Jumamosi hiyo Mwalimu Johana hakutulia. Alivaa koti, akalivua, akalivaa tena. Akatoka nje kuangalia kama gari la kukodi limefika, na gari lenyewe liliambiwa lije saa nne, na hata saa mbili ilikuwa bado. Mkewe alikuwa akifuta vibuyu vya mursik, maziwa yale ya kupelekea wakwe, akamtazama akiingia na kutoka hadi akachoka.

"Baba Kipkirui, hebu kaa chini. Kwani ni wewe unaoa?"

"Nafika senta mara moja. Nataka gazeti."

"Gazeti? Leo tunakwenda koito, kumposea mtoto wako, na wewe unataka gazeti?"

"Mtu hawezi kufika kwa wakwe bila kujua dunia imeamkaje."

Dunia imeamkaje! Jamani, wazee wengine. Johana hakuwa na haja na dunia. Dunia ingelala wiki nzima na asiulize. Alichokuwa na haja nacho ni mjane mmoja wa kwenye gazeti la Chungulia, aliyeacha sufuria ya githeri jikoni, akafunga nyumba kwa kufuli na kutoweka na fundi wa matangi ya maji. Wiki iliyopita shemeji zake walimfuatilia hadi chumba kimoja cha kupanga, wakagonga, na mlango ukafunguliwa. "Lakini aliyefungua hakuwa fundi," gazeti likasema, na hapo likanyamaza hadi Jumamosi. Sasa kama si fundi, ni nani? Wiki nzima Johana alikuwa shambani akipogoa majani chai na swali hilo likimwasha kichwani.

Lakini Chungulia si gazeti la mtu kama Johana. Chungulia ni picha za watu waliofumaniwa, wachungaji waliokimbia na sadaka, na mbuzi aliyezaliwa akiongea huko mbali ambako hakuna wa kwenda kuhakikisha. Johana alikuwa mwalimu mkuu miaka mingi kabla ya kustaafu. Ni mzee wa kanisa. Siku ya zawadi shuleni aliwahi kulishika gazeti hilo kwa ncha za vidole mbele ya wazazi wote, akasema wanaolisoma ni watu wa kusoma kwa midomo, kisha akalitia kiberiti. Watu walipiga makofi. Yeye mwenyewe alilisoma zizini nyuma ya ng'ombe, na midomo yake, maskini, ilikuwa ikicheza.

Pale senta ya Merigi magazeti huuzwa na Thuo, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Murang'a kitambo sana. Thuo ana adabu ya kazi yake. Mtu wa heshima akifika hatamki jina la Chungulia. Husema tu, "Nipe la kawaida, na uliweke vizuri." Basi Thuo huchukua lile gazeti kubwa la siasa na bei za mahindi, akalifungua kidogo, akaingiza Chungulia katikati, akakunja. Hufanya hivyo kwa haraka, hata aliye karibu haoni. Johana hakuwahi kujiuliza mkono wa Thuo uliupata wapi wepesi ule.

"La kawaida," akasema Johana asubuhi hiyo. "Na uliweke vizuri."

Alitaka alisome hapo hapo nyuma ya posho mill, lakini mkewe alikuwa akipiga simu kama mtu ambaye nyumba yake inaungua. Gari limefika mapema. Watu wameshapanda. Johana akaliweka gazeti kwapani na kurudi mbio, koti limekaa upande.

Ndani ya gari hakukuwa na nafasi ya kusoma wala ya kusahau. Kipkirui, kijana wake, alikaa mbele, shingo imemkauka kwa hofu. Nyuma alikaa Taplelei, dada mkubwa wa Johana, ambaye watoto wote humwita senge, na hakuna harusi ya ukoo huo inayopita bila idhini yake.

"Johana," senge akasema walipopita Bomet, "huyu msichana si ndiye ulituambia?"

"Nilisema nini tena?"

"Ulisema umemkuta dukani kwao Kapkatet amelitandaza lile gazeti la uchafu kwenye kaunta, anacheka peke yake. Ukasema huyo atatuletea umbea bomani. Mimi sijasahau."

Johana alisema, kweli. Alisema kwa uchungu, na uchungu wenyewe ulikuwa wa wivu. Ilimuudhi kumwona yule Lynn, binti wa Gitonga mwenye duka la hadwea, la misumari na mabati, akisoma mchana kweupe, wateja wanaingia, na yeye hata hafuniki. "Nilisema tumwangalie vizuri," akajibu, akalibana gazeti kwapani. Kipkirui aligeuka akamtazama baba yake kwa macho ya kuomba, kisha akageuka mbele. Kijana alikuwa amemngoja msichana huyo muda mrefu, na kila mtu ndani ya gari alijua kwamba neno la leo likiwa baya hakuna neno jingine.

Kwa Gitonga walipokelewa vizuri. Mama Lynn, Nyathira, alikuwa ameandaa chapati, kuku na irio, na chai ya maziwa isiyokwisha. Wakasali. Wakajuana. Wazee wakaanza kuzungusha maneno taratibu kama inavyotakiwa, na Johana akawa anajibu hapa na pale. Gazeti alilikalia. Kila alipojisogeza lilimlia chini, khwaru khwaru, na akahisi kwamba nyumba nzima inasikia.

Sasa kuna jambo moja ambalo mzee alilisahau. Huku kwetu gazeti si la aliyelinunua. Likiingia kwenye nyumba ni la nyumba. Vijana watachukua kurasa za michezo, akina mama watachukua matangazo ya vifo kuona kama kuna wanayemjua, mwenye nyumba atachukua mbele, na mnunuzi atabaki na kurasa za tenda za serikali. Hakuna anayeomba ruhusa.

"Eh, mkwe, umekalia habari!" Gitonga akacheka, akanyoosha mkono. "Hebu tuone kama wamesema lolote kuhusu bonasi ya chai."

"Aaa, ni la jana," Johana akasema.

"La jana si mbaya." Na akalivuta. Akachukua ukurasa wa mbele, akampa jirani yake michezo, na alipofungua katikati ili ampe senge ule wa vifo, Chungulia likateleza, likaanguka juu ya sahani ya chapati. Lilianguka kifudifudi? Hapana. Lilianguka likitazama juu, na jina lake jekundu, na picha ya mwanamume amejifunika shuka.

Kijiko cha mtu kikagonga kikombe. Johana akanyoosha mkono kama wa kuchukua chapati, akaurudisha. Damu yote ilimpanda masikioni. Alimwona Taplelei akiinua kichwa polepole kutoka kwa hiyo picha, tayari kuuliza ni la nani.

"Ni langu," Lynn akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni na birika. Akaja, akaliokota, akalipangusa mafuta ya chapati kwa kitambaa chake. "Pole, wazazi wangu. Nililiacha hapo kwa meza, nafikiri likaingia ndani ya lile lingine." Alimtazama Johana mara moja tu, bila dharau, kama mtu anayempisha mgonjwa njiani. Kisha akaenda nalo jikoni.

Taplelei aliweka kikombe chini. "Tunaomba kutoka nje kidogo," akasema, "tushauriane."

Wakasimama uani, kando ya majani chai ya Gitonga, wingu limeinama na manyunyu yameanza. Na hapo ndipo Johana alipoteswa. Kila mmoja alimrudishia maneno yake. "Mwalimu alituambia," wakasema. "Mwalimu aliona mapema." "Watu wa kusoma kwa midomo, si ndivyo ulivyosema siku ile? Sasa tutaoa huyo?" Mkewe alikuwa akimwangalia tu. Kipkirui alisimama mbali akivunja majani kwenye kichaka, moja baada ya jingine, na kuyaangusha.

"Basi ni hivyo," Taplelei akasema. "Tuingie, tuwaambie tutafikiria. Watajua maana yake."

Johana alikwenda hadi langoni, akarudi. Akaenda tena. Alifikiria kanisa, alifikiria ile siku ya kiberiti na makofi. Moyoni alitamani mtu mwingine aseme, yeyote, ng'ombe hata. Kisha akamwona kijana wake anapangusa macho kwa mkono wenye utomvu wa chai, anajifanya ni mvua, na mzee akaona haya kuliko alivyoona kule ndani.

"Lile gazeti ni langu," akasema.

"Nini?"

"Ni langu! Nimelinunua mimi leo asubuhi kwa Thuo. Nalinunua kila Jumamosi, nalisoma zizini. Mnataka niseme mara ngapi?" Na kabla hawajafunga midomo yao akawa ameshaingia ndani kwa hatua ndefu, maji yakimtiririka kwenye koti, akayarudia yote mbele ya Gitonga na Nyathira, hata ile siku ya kiberiti.

Nyathira, ambaye alikuwa ameanza kukusanya vikombe kwa aibu, alikaa chini. Gitonga hakucheka. Johana angependa acheke.

"Mkwe," Gitonga akasema, "mtoto wangu amebeba aibu yako mbele ya watu wako, na wewe ukamwacha aondoke nayo hadi jikoni. Nimeona uso wako. Nilijua unaficha kitu uliposema ni la jana, maana tarehe ya leo najua kuisoma." Akapumua. "Umesema, ni vizuri. Lakini umesema hapa ndani. Kule kwenu ataishi na watu waliokuona ukilichoma. Atakuja na gazeti lake, namjua, hataficha. Watamla mzima. Mimi leo sikupi jibu. Jumamosi ijayo ukanunue lako mbele ya watu wa Merigi, ulitaje jina. Thuo ni mtoto wa mjomba wangu, ataniambia. Baada ya hapo tutaongea ng'ombe."

Hiyo ikawa wiki gani! Johana hakulala usingizi wa maana. Chungulia lilibaki Kapkatet jikoni, kwa hiyo hata mjane wake hakumpata. Alipogoa mistari aliyokwisha kupogoa. Alimfokea ng'ombe. Kipkirui alikula akitazama sahani, na jioni moja akasema, "Baba, si lazima," na Johana akajibu kwa ukali kwamba anyamaze, kwa sababu maneno hayo ndiyo aliyokuwa akijiambia tangu asubuhi.

Jumamosi ilifika na jua kali. Ilikuwa siku ya soko, na watu walijaa. Pale kwa Thuo walisimama walimu wawili aliowafundisha yeye mwenyewe, wachumaji chai waliotoka kwenye kituo cha kununulia majani, na mbele yake kabisa Kimotho, mzee mwenzake wa kanisa, mtu ambaye sala zake hufanya watoto wasinzie.

"La kawaida," Kimotho akasema kwa sauti ya chini. "Na uliweke vizuri."

Johana alisimama wima. Akauona mkono wa Thuo ukifungua, ukiingiza, ukikunja. Miaka yote! Na huyu ndiye aliyeshika kiberiti siku ile nilipochoma, Johana akajiambia, na hasira ikamshika, kisha kicheko.

"Mwalimu," Thuo akasema, mkono tayari kwenye lile kubwa. "Kama kawaida?"

"Hapana." Ilitoka sauti ndogo. Akakohoa, akaitafuta ile ya gwaride la asubuhi shuleni. "Nipe Chungulia!"

Walimu wawili wakageuka. Mama wa viazi aliacha kuhesabu chenji.

"Chungulia, nasema. Lenyewe. Usilifunike na kitu."

Mtu akacheka, mwingine akasema, "Haki ya Mungu, Mwalimu?" Johana akalipokea, akaketi kwenye benchi la Thuo jua likimpiga usoni, akalifungua. Midomo ikaanza kucheza na hakuizuia. Lakini mjane hakuwemo. Kisa kiliisha wiki iliyopita. Sasa kulikuwa na kisa kipya cha mganga na pikipiki. Amejianika sokoni, na bado hajui nani alifungua mlango.

Thuo alikuwa ameshapiga simu. Alizungumza kidogo kwa Kikuyu, akacheka, akamnyooshea Johana simu.

"Baba?" Ilikuwa sauti ya Lynn. "Baba yangu amesema mlete ng'ombe."

Machozi yalimjia Johana na hakuwa na haraka ya kuyaficha. "Asante, mtoto wangu," akasema. "Asante sana." Kisha, kwa sababu mtu hawezi kubadilika kabisa kwa siku moja, akauliza, "Na lile la wiki jana... bado unalo?"

"Niko nalo hapa kwa kaunta. Nikuambie nani alifungua mlango?"

"Ngoja." Akaitoa simu sikioni, akaibonyeza hadi ikatoa sauti kubwa, akaiweka juu ya rundo la magazeti. "Soma. Soma tangu walipogonga."

Lynn akaanza kusoma. Wachumaji chai wakasogea. Walimu wakasogea. Kimotho, aliyekuwa ameshafika barabarani na gazeti lake kwapani, akasimama, akainama akafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa gambuti za mpira.