Zamu Asiyokuwa Nayo Bilali

"Akimwangusha mtoto mwingine mmoja tu, Bilali anarudi kwao," alisema Bi Mwanvita, mwenye chekechea pale Zinga.

"Kwao atakaa na nani, na mama yake anauza vitumbua kando ya barabara, magari yanavyokimbia vile?" Mwalimu Shufaa akajibu. "Niachie mimi. Mtoto wa miaka minne hanishindi."

Na kweli, tangu lini mtoto akamshinda Shufaa? Ila huyu, jamani! Bembea moja, watoto ishirini na watatu, na kila aliyeikalia Bilali alimvuta chini. Ukimwambia angoje zamu yake, analia mpaka kamasi zinafika kidevuni.

Asubuhi ile alikwishamkamata Adila gauni. Shufaa akawahi, akachuchumaa mbele yake.

"Bilali, baba, kwa nini hungoji zamu yako?"

"Mimi sina."

"Huna nini?"

"Zamu. Adila anayo, Najim anayo. Mimi mama hajaninunulia."

Toba! Muhula mzima anamwimbia mtoto zamu, zamu, kumbe mwenzake anadhani ni kitu cha kutoka nacho nyumbani, kama begi! Shufaa alitaka kucheka, akajizuia. Alijionea aibu kwelikweli.

Lakini si mtu wa kukaa na aibu. Akakata kipande cha ukili wa mkeka aliokuwa akisuka, akakifunga kama bangili.

"Njooni wote! Zamu ndiyo hii. Ni moja, ya sote, haiuzwi dukani. Aliyeivaa anabembea. Tukihesabu mpaka ishirini, anamvalisha mwenzake."

Akaanza na Adila, makusudi. Bi Mwanvita alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Midomo ilimtetemeka Bilali, lakini hakumgusa mtu. Kumi na tisa, ishirini! Adila akashuka, akamvalisha.

Bilali akabembea huku akiutazama mkono wake. Ishirini ikafika, hakushuka. Watoto wakapiga kelele. Bi Mwanvita akapiga hatua, Shufaa akamzuia.

"Mwache kwanza."

Bilali akashuka mwenyewe. Akawapita wote waliomnyooshea mikono, akaenda ukutani alikokaa Fatu, mdogo kuliko wote, ambaye hajawahi hata siku moja kuikaribia bembea ile. Akamvalisha.

"Mwambie mama yake Bilali Jumatatu amlete mapema," Bi Mwanvita akasema, akarudi ndani.

Bilali alikuwa ameshika kamba ya bembea ili Fatu apande.

"Usiogope," alimwambia. "Nakuhesabia mimi. Moja, mbili, tatu, saba, mbili..."

Na hakuna aliyemsahihisha.