Sababu Binafsi

Kwenye fomu ya kuomba kazi, palipoulizwa sababu ya kuacha kazi ya awali, Shigela aliandika kwa herufi kubwa: NILIKATAA KUENDESHA LORI LISILO NA BREKI.

Bwana Cleopa, afisa utumishi wa hoteli mpya ya Mikumi, alisoma akakunja uso. "Kaka, unaomba kazi ya kuendesha watalii, halafu unaandika ugomvi?"

"Si ugomvi, bosi. Ndivyo ilivyokuwa."

Serikali ilipouza shamba la mkonge kule Rudewa, tajiri aliyelinunua alifunga karakana, akisema mafundi wanamlia faida. Lori la wakata mkonge likawa linasimama kwa kudra za Mungu. Shigela, dereva wake, alipokataa kupakia watu, alifukuzwa palepale, funguo akapewa utingo wake Yohana, aliyekuwa amepata leseni juzijuzi na mkewe ana mimba. Angekataaje? Mteremko wa kwanza ukamshinda. Mama Magreti, mkata mkonge, na wenzake wawili walizikwa kesho yake. Sasa Yohana, mguu ungali kwenye plasta, ameshtakiwa kwa uzembe, na tajiri anaapa lori lilikuwa zima.

Cleopa alimsogezea fomu nyingine. "Andika sababu binafsi, utie saini, kesho uanze. Tajiri wako ana hisa hapa. Mwenyewe amesema usaidiwe."

Damu ilimpanda Shigela kichwani. Kumbe! Aliyemfukuza kama mbwa leo anamtafutia kazi, ili kwenye kesi ionyeshwe karatasi yenye saini yake kwamba aliacha kazi mwenyewe.

"Sababu binafsi?" Sauti yake ilifika hadi mapokezi. "Mama Magreti amekufa kwa sababu zangu binafsi?"

"Punguza sauti, kuna wageni!"

"Wasikie! Si ndio watakaopanda magari yenu?"

Akaondoka.

Nyumbani, mkewe Mhoja alimsikiliza hadi mwisho. "Na watoto watakula nini, Baba Ngolo?" Hata hivyo akaitia moto pasi, akamnyooshea shati. "Nenda Kilosa ukamtetee yule kijana."

Mahakamani mwendesha mashtaka alimcheka. "Wewe si mwenye kinyongo tu? Ulifukuzwa."

"Nilifukuzwa kwa ajili ya lori hilohilo. Muulizeni Beda, aliyekuwa fundi wa karakana, yupo pale nyuma, anaogopa."

Beda aliinamisha kichwa. Halafu akasimama, naye akaapishwa, akaeleza jinsi alivyoomba vipuri vya breki kabla karakana haijafungwa, akaambiwa asubiri mkonge uuzwe.

Yohana aliachiwa huru. Tajiri hakuulizwa hata neno moja. Aliingia kwenye gari lake, akawatimulia vumbi pale nje. Shigela alitema mate chini.

"Huyo ndiye wa kushtakiwa!" akafoka, watu wakageuka.

"Twende, kaka," Yohana alisema, akimwegemea begani. "Mama Ngolo anasubiri habari."

Wakaelekea stesheni polepole, Shigela bado anafoka.