Sahani ya Lela

Nilifika chuoni kwao Lela nikiwa na hasira, buibui limenikaa upande, barua nimeikunja mkononi. Barua yenyewe ilikuwa fupi: muuguzi wa chuo anaomba kumwona mzazi wa Lela Jumbe kuhusu uzito wake. Uzito! Hebu niambieni, nani aliwahi kuitwa shule kwa sababu mtoto wake anashiba?

Kwetu mtaani Jericho, mwaka ule wa themanini na tatu, mtoto akinawiri anayepongezwa ni mama. Lela wangu alipoingia mwaka wa pili wa masomo ya uhazili alikuwa amejaa mashavu, na jirani yangu Mwanasiti hakumwona bila kusema, "Mashallah, Bi Muhiba, mtoto unamtunza." Mimi kichwa kinavimba. Mume wangu Jumbe alipokufa, watu walitarajia kutuona tumekonda. Nikaapa hawatatuona.

Muuguzi aliitwa Sista Nthoki, Mkamba mmoja mpole, na upole wake ukanizidisha hasira.

"Mama, karibu uketi."

"Nitasimama. Sema."

"Lela ameongeza kilo kumi na nne tangu ajiunge nasi. Nimempima. Sukari bado haijaonekana, lakini presha imeanza kupanda. Kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua sukari?"

Nikakaa. Jumbe alikatwa mguu mwezi wa Rajabu, Shaabani tukamzika.

"Babake," nikasema. Halafu hasira ikanirudia, maana ilikuwa rahisi kuliko hofu. "Lakini ni hizo chipsi, sista! Yeye na rafiki yake Mbeti, saa saba ikigonga wako kwenye kile kibanda nyuma ya chuo. Chipsi zinachuruzika mafuta, soseji mbili, soda juu. Kila siku ya Mungu! Mkataze!"

"Nimeshamwambia. Na jioni, mama, anakula nini?"

"Chakula! Wali wa nazi, maharagwe, chapati mbili tatu. Mtoto anasoma, ale nini, hewa?"

Sista akamgeukia Lela, aliyekuwa ameketi pembeni anavutavuta ncha ya mtandio. "Mwambie mama ulichoniambia mimi."

Lela akalia kabla hajasema neno. Ni mkubwa, ana miaka ishirini, lakini akilia hulia vilevile alivyolia akiwa mdogo, pua kwanza.

"Mama, nikila zile chipsi huwa nimeshiba mpaka kesho yake. Lakini nikibakisha chakula chako unanuna. Unaniuliza nimepikiwa na nani kizuri kuliko chako. Siku ile nilipobakisha chapati moja hukusema nami siku mbili. Ndiyo maana namaliza sahani."

"Si uache hizo chipsi basi!"

"Chipsi nitaacha, mama. Hata leo. Ni wewe nisiyeweza kukukatalia."

Wallahi nilitaka kumfokea. Lakini ilikuwa kweli. Siku mbili nzima nilikuwa nikizungumza na sufuria, yeye nampita kama simwoni, kisa chapati moja. Nikaona haya, tena mbele ya mtu baki. Sista Nthoki, Mungu amjaalie, akajifanya anatafuta kalamu kwenye droo.

Tulirudi nyumbani. Jioni ile nikapika kama kawaida, mkono haukujua kupunguza. Lakini kupakua nilipakua nusu, na moyo ukaniuma kama ninayemwadhibu. Mwanasiti alikuwa ameingia kutujulia hali, akakaribishwa mkekani, tukala pamoja.

Lela akala polepole. Halafu akasimamisha mkono. Chapati moja ilikuwa imebaki, na wali kidogo pembeni. Akaniangalia, na nikaona kwamba mwanangu ananiogopa. Mkono ukaanza kuirudia ile chapati.

"Ebo, Lela!" Mwanasiti akadakia. "Chakula kitamu hivi unakiachaje? Malizia, mamako asije akaudhika."

"Mwache!" Nilisema kwa ukali mpaka Mwanasiti akarudisha tonge lake sahanini. "Mwache mtoto. Ameshiba."

Nikaiondoa sahani mbele yake kwa mkono wangu mwenyewe, nikaenda nayo jikoni. Lela akanifuata, akanikumbatia kwa nyuma, shavu lake mgongoni mwangu. "Umenuna, mama?"

"Sijanuna," nikasema, na machozi yananidondoka juu ya ile chapati. "Babako nimemzika, Lela. Wewe sitaki kukuzika."