Nyumba ya Bwana Hitimisho

Siku ile Nakiete alikuwa amebanwa kama kidole mlangoni. Kwa wiki sita binti huyu wa kidato cha sita alikuwa amewafuata wasichana arobaini wa bweni lake, daftari mkononi, akiuliza nani kanywa maji ya kisima cha shule bila kuyachemsha na nani kaharisha. Huo ndio uliokuwa utafiti wake wa kujitegemea, na jibu lilikuwa wazi: ishirini na saba waliugua, na wote hawakuchemsha. Mwalimu Mndeme, msimamizi wake, alisoma, akacheka puani, akamwekea mezani ripoti ya miaka ya nyuma. "Mwanangu, hapa utafiti huanzia kwenye hitimisho. Andika maji ni salama, takwimu zitajipanga zenyewe. Badilisha jina, tia sahihi, saa kumi nakusanya. Ukiniletea hilo daftari lako, alama usizitarajie." Kujitegemea gani huko, kwa kuswagwa kama ng'ombe wa mnadani! Nakiete akalaza kichwa juu ya meza ya maktaba, joto la mchana likamlemea, usingizi ukamwiba.

Akajiona yumo ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kuta zake zimejengwa kwa ripoti zilizojalidiwa badala ya matofali. Kila mlango alioufungua ulimrudisha chumba kilekile, ambamo Bwana Hitimisho, mnene, ameketi amefumba macho, na mbele yake foleni ya wanafunzi wakipokea kalamu kutoka kwa mkewe, Mama Nakili. "Karibu, kipenzi," mama yule akamwambia. "Hapa hatuumizani vichwa. Jibu tunalo tangu enzi za babu zako. Wewe lete swali la kulivisha tu." Foleni ikaangua kicheko: "Mgeni huyo! Muoneni, bado anauliza!" Kila aliyemaliza kuandika, karatasi yake ilipakwa udongo ikapachikwa ukutani, na chumba kikasogea ndani kwa upana wa kiganja. Nakiete akahisi ukuta mgongoni, kisha mabegani. Pumzi ikawa ya kugombania.

Ndipo mwanamke aliyekonda, mwenye makovu ya mawe usoni, akamshika mkono. "Naitwa Shaka," akasema taratibu. "Wananipopoa kwa sababu nawauliza wamejuaje. Hata mimi usiniamini, binti yangu. Futa udongo usome mwenyewe." Nakiete akafuta. Karatasi ikasomeka: Aikande, kidato cha sita, miaka kumi na moja iliyopita, maji ni salama. Nyuma ya karatasi ile sauti ya msichana ikanong'ona, "Dada, na mimi tumbo liliniuma. Nilijua. Nikadhani ni karatasi tu."

"Nani kakufungia humo?"

"Aliyenitangulia. Na mimi nimekufungia wewe."

Nakiete akamgeukia Shaka kwa hasira. "Sasa natokaje?"

"Nyumba hii haina fundi," Shaka akajibu. "Wanaijenga wafungwa wenyewe. Atakayekataa kuongeza tofali lake ataacha tundu. Sikudanganyi: tundu hilo halitakutosha wewe kupita. Ila ajaye nyuma yako atavuta hewa." Mama Nakili akamkandamizia kalamu kiganjani, ukuta ukamfika kifuani, naye akapiga ukelele.

Kofi lilitua mezani. Nakiete akaamka, jasho linamtiririka. "Saa kumi," alisema Mwalimu Mndeme. "Sahihi iko wapi?" Na hapo ndipo maana ilipomwingia: hakuwa akidaiwa karatasi. Alikuwa akitakiwa kumfungia msichana asiyemjua, pengine leo yuko darasa la saba huko, anahesabu siku za kuja kusoma hapa. Akaisukuma kando ripoti ya zamani, akafungua daftari lake, akatia sahihi chini ya wale ishirini na saba.

"Hilo silipokei. Nakupa sifuri!"

Nakiete akalisogeza daftari mpaka likamgusa mwalimu kifuani.

"Nipe sifuri, Mwalimu. Ila uandike na sababu yake."