Udhu wa Maiti

Mimi ni mwepesi wa hasira, sikatai. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikikasirika hata kuku wa jirani wanajua. Lakini siku ya msiba wake nilikasirishwa na watu wa dini mbili kwa mpigo, na mpaka leo sioni kama nilikosea.

Alianguka uani alfajiri. Wakasema ni presha. Mpaka tunapata gari la kumkimbiza Kibiti, alikuwa keshakata roho. Ilipofika saa nne nyumba yetu hapa Bungu ilikuwa imejaa, wanaume nje kwenye majamvi, wanawake ndani, na mimi nimekalishwa chini chumbani, shangazi yangu Biasha kanikalia ubavuni kama askari. Mjane, kwa mujibu wa shangazi, hainuki mkekani mpaka jeneza litoke. Nikitaka maji naletewa, nikitaka kwenda uani nasindikizwa.

Mume wangu alizaliwa Njombe, akabatizwa Erasto. Alikuja huku kuchomelea mageti na madirisha, akapazoea, akasilimu, akawa Abdulrazaq. Alisilimu mwaka mzima kabla hajanijua mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu kwao wote wanaamini nilimpa dawa. Mama yake alipopata habari aliapa kwamba hatamtia machoni mpaka arudi kanisani, na kiapo chake alikishika. Abdulrazaq alimpigia simu kila Jumapili. Mama alikuwa anauliza kama amekula, kama ana afya, kisha anakata. Miaka ikapita hivyo, hata binti yetu Warda akazaliwa na kuanza kukimbia bila bibi yake kumwona.

Sasa siku hiyo ya msiba mama huyo alikuwa Mbagala kwa binti yake mkubwa, na saa tano akaingia chumbani mwangu, mrefu, kavaa sweta jeusi katika joto la Bungu, mkoba kaukumbatia kifuani.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Pole, Mama Warda.”

Akaketi mkekani bila kungoja kuambiwa. Akamtazama Warda, aliyekuwa kajibanza mgongoni mwangu, kwa muda mrefu, kisha akasema bila kunitazama mimi:

“Nataka nimwone mwanangu kabla hamjampeleka.”

“Utamwona, Mama. Wanamwosha sasa hivi. Wakishamvisha sanda tutaingia.”

Nilimwahidi hivyo kwa sababu sikudhani kuna wa kupinga. Mazishi yalipangwa baada ya swala ya adhuhuri. Akatulia kidogo, nikashukuru. Nilishukuru mapema mno.

“Nimeambiwa mnamkamua tumbo mpaka mifupa inavunjika,” akasema.

“Nani kakwambia, Mama?”

“Watu.”

Watu! Laiti ningewapata hao watu siku ile. Nikamweleza kwamba tumbo linabonyezwa polepole, ili marehemu awe safi, kwa mkono uleule mwepesi anaooshwa nao mtoto mchanga.

“Na mnamzika amekaa.”

“Hatumziki amekaa. Analazwa ubavu wa kulia.”

“Lakini sanduku hamna.”

“Jeneza lipo la kumbebea. Kaburini anaingia na sanda yake. Chini kunachimbwa nafasi pembeni, analazwa humo, panazibwa kwa mbao. Udongo haumwangukii.”

“Kwa hiyo mnamtupa hivyohivyo.”

“Hatumtupi, Mama!”

Sauti ilinipanda mpaka wanawake wa sebuleni wakanyamaza. Shangazi Biasha akanibana goti, kwamba mjane hapigi kelele. Hebu fikiria. Mume wangu yuko chumba cha pili, maji yanasikika yakimwagwa, na mimi nafundisha darasa la kwanza la madrasa.

Na mwanafunzi wangu hakuwa amechoka. Akaniuliza kama kweli mwanawe ataelekezwa kwenye lile jiwe la Makka tunaloliabudu. Nikamwambia hatuabudu jiwe. Tunaelekea upande mmoja ili sote, popote tulipo, tuwe na pa kuelekea. Akauliza, na Muhammad je? Nikamwambia hatumwabudu. Ni mtume, mja wa Mungu, aliyekula, akaugua, akafa, akazikwa ardhini kama mwanawe atakavyozikwa leo.

“Basi dini yenyewe imekuja nyuma ya yetu.”

“Sisi tunasema ni ileile aliyokuwa nayo Ibrahimu, Mama.”

“Ninyi mmeletewa na Waarabu. Walikuja na majahazi na upanga. Erasto naye sijui mlimtishia nini.”

“Upanga uliopo nyumba hii ni wa kufyekea mikorosho,” nikasema, “na mpini wake kautia mwanao.”

Nilitaka kuishia hapo, lakini hasira zangu zikishawaka hazizimiki kwa kikombe kimoja. Nikamwambia bibi zangu walikuwa Wandengereko waliolima mpunga bondeni, hawakuwa na Mwarabu hata wa kukopesha. Nikamwambia ni kweli Waarabu walikuja kufanya biashara, na wapo waliouza watu, hilo silifichi na wala silitetei. Lakini Mungu hana kabila. Waarabu walio Wakristo nao, wakiwa kanisani kwao, wanamwita Allah vilevile.

“Wapo Waarabu Wakristo?”

“Wapo, Mama. Tangu na tangu.”

Hilo lilimshtua kuliko yote. Akarudi kwa sauti ya chini.

“Na Yesu hamumtaki.”

“Nabii Isa, mwana wa Mariamu, asiyemwamini hana Uislamu. Ila hatusemi ni Mwana wa Mungu. Hapo ndipo tunapoachana, na sikudanganyi kwamba ni padogo.”

“Erasto naye alikuwa anasema hivyo?”

“Alisema hivyo.”

Akafungua mkoba, akaufunga. Hakutoa kitu.

Wakati huo mjomba wangu Abubakary, aliyesimamia mazishi, akagonga mlango, akaniita jina. “Mwanaharusi, tumemaliza. Tumebakiza kufunga kichwani tu. Njoo umtazame, jua halitungoji.”

Nikainuka. Nikampa mama mkwe mkono, naye akainuka.

“Wee!” shangazi Biasha akadakia. “Waenda wapi na huyo?”

“Kumtazama mwanawe.”

“Haiwezekani. Maiti keshatiwa udhu. Akitazamwa na asiye Muislamu, udhu wake wavunjika. Itabidi aoshwe upya.”

Alisema haya kwa sauti ya kufundisha, kidole juu, na wanawake wawili mlangoni wakatikisa kichwa kukubali. Mimi nina umri wa mtu mzima, nimesoma chuo mpaka nikahitimu msahafu, na sijapata kusikia jambo hilo.

“Udhu wa maiti, shangazi? Udhu unatenguliwa na usingizi, na huyu amelala usingizi usiokuwa na kuamka. Huo haukumtengua, jicho la mamake ndilo litakalomtengua?”

“Usinichezee na maneno. Ndivyo tulivyokuta.”

“Kitabu gani?”

“Nimekwambia ndivyo tulivyokuta!”

Tulivyokuta! Asubuhi nzima nilikuwa namhakikishia mama wa watu kwamba dini yetu siyo hayo anayoyasikia, na huyu shangazi yangu, mtandio mpaka kidevuni, anamzulia jipya ambalo hata wale watu wa Mama hawakulijua. Ningemfinya kama si heshima. Nikamgeukia mjomba nikidhani yeye ndiye mwenye akili iliyobaki katika ukoo wetu. Mjomba akakohoa.

“Huenda Biasha ana neno,” akasema. “Shehe mwenyewe yuko makaburini. Mama amwombee tu hapohapo alipo.”

“Mjomba, unalijua katazo hilo?”

“Silijui. Lakini tahadhari haidhuru.”

“Inamdhuru yeye! Huoni?”

Na hapo shangazi, alipoona ameungwa mkono, akaona amalizie. Akamgeukia mama mkwe na kumwambia kwa upole, tena huo upole ndio ulioniudhi zaidi:

“Dada yangu, hata ukimtazama itakusaidia nini? Mwenzio kafa Muislamu, nawe u hivyo ulivyo. Njia zenu zishaachana, hamtakutana tena.”

Mama mkwe akauachia mkono wangu. Hakulia. Aliweka mkoba begani, akavuta sweta lake mbele kana kwamba kuna baridi, akasema, “Basi niacheni nirudi Mbagala.”

Niliona hatua mbili alizopiga kuelekea mlango wa nje, nikaona kwamba akitoka hatarudi, na kwamba mtu mmoja tu duniani ndiye aliyekuwa akingoja Jumapili zote zile kumwona mama huyu akiingia kwake. Mtu huyo amelala chumba cha pili na hawezi kumwita. Hapo ndipo hasira zangu zilipopata kazi.

“Mama, rudi hapa,” nikasema. Nikamfuata, nikamshika mkono, safari hii kwa nguvu. “Mjomba, mimi ndiye mkewe. Nyumba hii ni yake na yangu. Anayetaka kumzuia mama huyu anizuie mimi kwanza, na mimi nikianza kupiga kelele hata abiria wa mabasi kule barabarani watashuka waje kuuliza.”

“Laa haula,” akasema shangazi. “Mjane kapandwa na wazimu.”

Mjomba Abubakary ananijua tangu natambaa. Akasogea, akawaambia wanaume waliokuwa ndani watoke kidogo, nami nikaingia na mama mkwe, nikaurudisha mlango.

Chumba kilinuka kafuri na udi. Abdulrazaq alikuwa kitandani, sanda imefungwa miguuni na kiunoni, uso umeachwa wazi. Nilidhani mama atamwendea usoni. Hakwenda. Alianza na miguu. Aliweka kiganja juu ya sanda, akakipitisha taratibu, kifundo, goti, paja, akaenda upande wa pili akarudia vilevile, kisha mikono, kisha mbavu, akibonyeza kidogo kila pahala. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anatafuta mifupa iliyovunjika.

“Yu mzima,” akasema.

“Yu mzima, Mama.”

Ndipo akamtazama uso. “Kafuga ndevu.”

“Alizifuga.”

“Kafanana na baba yake sasa. Zamani hakufanana naye.” Akainama, akamwita Erasto, akamwambia maneno kwa Kibena. Sikuyaelewa na sikuuliza. Nje watu walikuwa wanajipanga, nikamsikia mjomba akisema jeneza liletwe karibu. Nikamgusa bega mama mkwe kwamba muda umekwisha.

Hakunyanyuka. “Mama Warda, nina moja la mwisho.”

Nikashusha pumzi. Kweli nilichoka. Nilijiandaa kwa jiwe, kwa upanga, kwa dawa niliyompa mwanawe. “Uliza, Mama.”

“Nitakutana naye?”

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

“Mchungaji wetu aliniambia hapana,” akaendelea, macho yake hayatoki kwa mwanawe. “Siku ile Erasto alipobadili dini. Ndiyo maana nikaapa. Nilidhani nikimnyima uso wangu ataogopa, atarudi. Na leo shangazi yako kasema hapana. Wale wawili hawajawahi kuonana, lakini hilo wamekubaliana. Mengine yote ninayokuuliza unayo majibu. Nijibu na hili.”

Yapo niliyofundishwa chuoni juu ya nani anaingia wapi. Ninayajua, na ninajua wanazuoni wenyewe hawakuyamaliza. Ningeweza kumsomea. Lakini nilimwona aliyekuwa mbele yangu, kiganja chake bado kipo juu ya ubavu wa mwanawe, na hasira ikanipanda upya, safari hii juu ya kila mtu aliyewahi kusimama mlangoni mwa Mungu akajifanya yeye ndiye mwenye ufunguo.

“Mama, sijui,” nikasema. “Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya mbele yake. Ninachokijua ni kwamba sisi jambo lolote tunalianza kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Hatulianzi kwa jina la mchungaji wako, wala kwa jina la shangazi Biasha.”

Mjomba akagonga. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza.

Mama mkwe akafuta uso kwa mkono wa sweta lake. Akaushika upindo wa sanda pale kichwani, kwa mikono yote miwili, akaukusanya polepole asije akambana.

“Nionyeshe mnafungaje,” akasema.

Nikamwonyesha.