Fremu Yangu, Picha Yake

Fundi fremu yule watu walimwita Pembe, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mteja akiingia na picha, awe bibi harusi na mumewe, awe marehemu babu wa mtu, awe simba aliyechorwa na mtu ambaye hata paka hajawahi kumtazama vizuri, Pembe hakujali kilichomo. Aliishika karatasi kwa ncha za vidole, akaipitia kona zote nne, akaguna. "Pembe hizi hazijakaa sawa. Aliyeikata alikuwa na safari." Ukimuuliza picha yenyewe ni nzuri au mbaya, alikujibu kwamba kazi yake ni kuivisha nguo, na mshonaji haulizi tabia za mtu, anampima kifua basi.

Wateja walipenda kumchokoza. Waliokuwa wakisubiri gundi ikauke walikaa kwenye benchi, wakazitazama picha zilizokwisha kutiwa fremu, na mchezo wao ulikuwa mmoja: ukiambiwa uchague moja, moja tu, ukaishi nayo mpaka uzeeke, ungebeba ipi? Huyu alitaka ule mlima wenye ukungu. Yule alisema mlima hauliwi, yeye angechukua bakuli la matunda, siku akikosa chakula aitazame ashibe. Mwalimu mmoja mstaafu kila akija alichagua picha ya mlango uliofungwa na hakutaka kusema sababu. Mwisho wote walimgeukia fundi.

"Na wewe, Pembe?"

"Mimi ningebeba fremu. Picha mwachieni mwenyewe."

Wakacheka, naye akacheka nao. Lakini jibu lile halikuwa la utani, lilikuwa na donge ndani yake, na donge lenyewe lilikuwa dada yake.

Dada yake alikuwa mchoraji, na hodari kwelikweli. Mama yao alipofariki, ndiye aliyemlea Pembe, akamwogesha, akamchapa, akamfundisha kusoma saa. Alichora kwa rangi za maji, na alichokichora mwaka baada ya mwaka ni nyumba waliyokulia: jiko lenye masizi, kamba ya nguo, mama akipeta mchele, baba amelala na gazeti usoni, shangazi mnene akigombana na kuku. Hata mbwa wa jirani, yule wa sikio moja, alichorwa mara nyingi kuliko binadamu wengi. Ukizipanga picha zile, ukoo mzima umo. Pembe ndiye hayumo.

Mwanzo alinyamaza. Mtu mzima na ndevu zake atalialiaje kwamba hakuchorwa? Kimya kikamchacha tumboni, na siku moja, mbele ya ndugu wote waliokusanyika kwa dada, kikatoka chenyewe.

"Mbwa wa watu umemchora mpaka viroboto wake," alisema. "Mimi nduguyo wa tumbo moja, hata kisigino changu hakimo. Nilikukosea nini?"

Dada alimtazama. Alikiweka kikombe chake mezani polepole, kama anayeogopa kitapasuka.

"Unaniuliza mimi?" alisema, akainuka akaingia jikoni, na hakutoka mpaka wageni walipoanza kuaga.

Pembe aliona hiyo ni dharau, tena ya mchana kweupe. Tangu siku ile, kwa dada akawa anakwenda kwenye misiba na harusi tu, na huko anakaa mkao wa mlangoni.

Picha moja tu aliyoichora dada ndiyo iliyokuwa nyumbani kwa Pembe. Dada alimletea siku alipofungua duka, imeviringishwa ndani ya gazeti, akamwambia, "Hii ni yako. Ukaishi nayo." Ilikuwa picha ya ua wa nyuma wa nyumba yao. Mama kasimama kwenye kamba ya nguo kwa gauni la bluu. Dada mwenyewe, msichana bado, ameshika ndoo na anatazama chini huku anatabasamu. Pembe aliitia fremu siku ileile, akaitundika sebuleni, na miaka ikapita juu yake. Kila alipoitazama alijiambia: hata hii aliyonipa mimi, wamo wawili tu.

Basi, macho ya dada yakaanza kufa. Ilikuwa presha ya macho, ile inayokuja bila kubisha hodi. Daktari alisema lililokwisha kupotea halirudi, na lililobaki linafuata. Binti wa dada akaamua kumchukua mama yake akaishi naye, na dada akatuma ujumbe kwa ndugu wote: Jumapili waje, kila mmoja achague picha moja ya kwenda kuishi nayo, kwa kuwa yeye haoni tena faida ya kukaa na kuta zilizojaa.

Mke wa Pembe ndiye aliyeuleta ujumbe huo mezani.

"Nikachague nini?" Pembe alifoka. "Nikachague mbwa?"

"Nenda, baba watoto. Dada yako anaondoka."

"Nitakwenda. Tena nitamrudishia na ile yake. Fremu yangu, picha yake. Nitaitoa, nimpe karatasi yake mkononi, tuwe hatudaiani."

"Mtu haoni, wewe unampelekea kisasi?" Mkewe alikusanya vyombo kwa kelele. "Hasira hasara. Nimekwambia mara ngapi sijui."

Jumapili asubuhi Pembe aliiteremsha picha, akailaza kifudifudi juu ya meza ya kulia. Kazi ya fremu yote hufanyika mgongoni. Mbele ni pa kuangaliwa na wengine. Alichomoa vile visumari kwa koleo, akauinua ubao mwembamba wa nyuma, akaubandua utepe uliokwisha kugeuka kahawia. Ndani, kati ya kioo na picha, mlikuwa na ule ukingo wa kadibodi nyeupe ambao mafundi huuweka kuizunguka picha ili isigusane na kioo. Aliutazama akashangaa kidogo. Ulikuwa mpana mno. Upande wa chini ulikuwa na upana wa kiganja kizima.

Hapo akakumbuka. Siku ya kufungua duka watu walikuwa wamejaa mlangoni, kila mtu anataka kuhudumiwa wa kwanza, naye anataka kuonyesha kwamba ni fundi kweli. Ukingo ule alikuwa amemkatia mteja wa kabla ya duka ambaye hakurudi. Fremu ilikuwapo, kioo kilikuwapo. Akaona ya nini kukata mpya, hii si ya nyumbani tu? Kinyozi hajinyoi. Akaufungua mviringo wa dada mgongo ukiwa juu, akaunyoosha, akaubandika utepe, akapigilia. Alipoigeuza, mama na dada walikuwa katikati ya dirisha la kadibodi, wamekaa sawasawa, na akasema safi. Uso kamili wa ile karatasi hakuutazama hata mara moja.

Aliuondoa ukingo.

Pembeni chini, upande wa kushoto, mtoto alikuwa amekaa mavumbini. Fulana nyekundu, suruali hana. Mkono mmoja umeng'ang'ania pindo la gauni la msichana mwenye ndoo, na ulimi ameutoa nje wote, anamzomea anayemtazama. Nyusi zile zilikuwa za Pembe. Sikio lile lililochomoza lilikuwa la Pembe. Na msichana hakuwa akiitabasamia ndoo. Alikuwa akimtabasamia yeye.

Pembe alikaa chini. Alikaa palepale sakafuni, kama yule mtoto, na mkewe alipokuja kuona kimya cha nini, alimkuta na kadibodi mapajani.

"Nimo," alisema. "Mama watoto, nimo. Nilijifunika mwenyewe."

Mkewe aliinama akaitazama picha, kisha akamtazama yeye. Alikuwa na maneno mengi ya kusema, maana kikulacho ki nguoni mwako na mengine ya namna hiyo, lakini akayameza. Alimletea viatu.

Njiani, karatasi ikiwa mkononi, Pembe alikumbuka jambo lingine, nalo likamuuma zaidi. Dada alipokuwa bado anakuja kwake, alikuwa na kiti chake. Sebule nzima, yeye anakwenda kukaa kile kinachoelekea ukuta wenye picha. Anakunywa chai yake, anaitazama, anaondoka. Pembe alikuwa akidhani anajisifia kazi yake.

Alipofika, ndugu walikuwa wameshaondoka na mizigo yao. Kuta za nyumba ya dada zilikuwa na misumari mitupu na alama za miraba mahali picha zilipokuwa. Dada alikuwa amekaa karibu na dirisha, uso kaelekeza kwenye mwanga.

"Hodi."

"Kibiriti?" Hilo ndilo jina alilomwita tangu utoto, kwa jinsi alivyowaka upesi. "Nimesikia viatu vyako. Umechelewa, mdogo wangu, nzuri zote zimebebwa. Amebaki mbwa."

Siku nyingine Pembe angewaka. Alivuta kigoda akakaa karibu naye, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Dada, nimeifungua ile yangu. Ile ya ua."

Dada aliinua kichwa. "Umeifungua kwa nini?"

"Nilitaka kukurudishia." Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini aliisema. "Kwa hasira. Halafu nikajikuta."

"Ukajikuta vipi? Kwani ulikuwa hujui umo?"

"Sikujua."

"Si uliitia fremu mwenyewe?"

"Niliitia. Sikuitazama."

Dada alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyejikwaa. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mimi nilikuja kwako wiki ileile niliyokupa, nina hamu nione ulivyoitundika. Nikakuta mama yupo, mimi nipo, wewe umekatwa. Nikasema, ala, mdogo wangu sasa ana duka. Hataki watu wamwone amekaa uchi kwenye vumbi. Iliniuma, sikufichi. Lakini mtu akikataa kuonekana utamlazimisha? Nikasema basi, sitamchora tena. Nikaheshimu."

"Ndiyo maana..."

"Ndiyo maana. Halafu siku ile mbele ya watu unaniuliza ulinikosea nini. Nikaona huyu ananikejeli. Kajifunika mwenyewe, sasa ananisimanga."

"Ungeniambia, dada."

"Na wewe ungetazama, Kibiriti."

Nje mtu alipita akipiga mluzi, akapotea.

"Nafasi yako niliiweka," dada alisema. "Kila picha niliyochora tangu hapo. Ile ya jikoni ina kigoda kitupu kando ya mama. Ile ya baba na gazeti, kuna kandambili ndogo chini ya kiti. Nilikuwa nikisema, siku akija akaniambia nimchore, nitamtia. Kazi ya mchana mmoja tu."

Pembe aliziangalia kuta. Jiko, dada alimwambia, limekwenda kwa shangazi. Baba na gazeti lake wamekwenda kwa binamu anayeishi mbali. Vigoda vitupu vyote vimebebwa, na waliovibeba watavitundika na kula chakula chini yake bila kujua vinamsubiri nani. Alitamani kupiga kelele. Alitamani mtu wa kumlaumu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumwona.

"Nisamehe, dada," alisema, na machozi yakamtoka.

"Nilikwisha kukusamehe kosa ambalo hukulifanya. Hili nalo nitalitafutia mahali." Alinyoosha mikono. "Nipe niishike."

Alimwekea karatasi mapajani. Dada aliipitishia vidole taratibu, na vikasimama pale ukingo ulipokuwa umekaa, kwani karatasi ilikuwa na mfuo mwembamba kuizunguka pande zote.

"Mama bado yumo kwenye gauni la bluu?"

Pembe aliitazama picha, safari hii kwa macho yake yote. Jua la dirisha la sebuleni lilikuwa limeila kwa miaka. Gauni la mama lilikuwa la majivu. Ukuta, anga, uso wa dada mwenyewe, vyote vilikuwa vimechujuka kama nguo iliyofuliwa mno. Ni ule ukanda uliofunikwa na kadibodi tu ndio ulikuwa na rangi.

"Bluu," alisema. "Bluu kabisa."

"Usinidanganye. Rangi ile ilikuwa ya watoto wa shule. Nilijua tangu naipaka kwamba haitakaa."

"Imepauka, dada. Wote wawili mmepauka."

"Na wewe?"

Mtoto wa pembeni alimtolea ulimi. Fulana yake ilikuwa nyekundu, mbichi, kana kwamba brashi imeinuliwa sasa hivi.

"Mimi sijapauka," alisema kwa shida. "Nimebaki vilevile."

Dada aliitikia kwa kichwa, akamrudishia karatasi, akauelekeza uso wake tena kwenye mwanga asiouona.

"Basi nieleze," alisema. "Yote, usiruke kitu. Nataka kwenda nayo hii kichwani."

Pembe alipangusa macho. Watu wangapi walikuwa wamemuuliza habari za picha, naye akawajibu kwa mzaha. Hakujua mtu anaanzia wapi. Basi akaanzia pale alipozoea kuanzia.

"Kwenye pembe ya chini," alisema, "upande wa kushoto..."

Alirudia maneno hayo mara ya pili, kisha ya tatu, asiweze kumfikia yule mtoto, na dada alisubiri.